Vidole Gumba Arobaini na Viwili

Voi, 11 Februari 1957

Kwa Bwana Obadiah Nyambu, msimamizi wa Duka la Ronge.

Bwana Obadiah,

Natumai mko salama huko kwenye baridi yenu. Sisi huku Voi jua linatuchoma kama kawaida yake.

Neno lenyewe ni hili. Ijumaa lori litakuletea majiko arobaini ya mafuta ya taa. Tajiri ameamua kwamba katika maduka yetu sita, Ronge ndiyo itakayoanza kuyauza. Rafu ya majembe uiondoe yote, na majembe yarudi kwa lori hilohilo, tutayapeleka Rukanga na Maktau.

Najua utauliza kwa nini Ronge. Shemeji yako Josephat Mghendi, ambaye Tajiri amempa kazi ya kuuliza wateja wanataka nini, alizunguka na karatasi pamoja na jiko moja la kuonyesha. Bura aliwauliza wanawake sitini, tisa wakasema watanunua. Mwatate hamsini, wakakubali kumi na mmoja. Ronge aliwauliza arobaini na wawili, na wote arobaini na wawili wakasema ndiyo, wakapiga na kidole gumba. Hata mmoja hakukataa! Tajiri aliizungusha karatasi hiyo ofisi nzima akituonyesha. Mimi nina miaka kumi na mitatu kwenye meza hii, na sijaona watu wakikubaliana namna hiyo hata juu ya mvua.

Yapange mahali panapoonekana.

Danson Kiilu
Karani Mkuu


Ronge, 15 Februari 1957

Bwana Danson,

Majiko yamefika, mawili yamepinda miguu. Majembe nimeyarudisha kwa sababu nimeamriwa, lakini sitanyamaza.

Bwana, masika hiyo inakuja! Watu wa huku hununua jembe mwezi huu na ujao, wakimaliza hapo hawanunui tena mpaka vuli. Leo tu, lori likiwa bado linapakia, wamekuja watu saba kuulizia jembe, nikawaonyesha jiko. Mzee mmoja akaniuliza kama atalimia hilo.

Hao wanawake ni akina nani? Katika duka hili nauza mwaka wa tisa sasa. Kuni ziko mlangoni, hazinunuliwi. Na moto wa mafiga si wa kupikia tu. Mahindi ya mbegu na ya chakula tunayaweka darini juu ya moto, moshi unayakausha na kufukuza fukusi. Ukipikia mafuta ya taa, mahindi yako umewapa wadudu. Ni mwanamke gani wa Ronge asiyejua hilo? Hata mtoto anajua.

Siku aliyokuja Josephat mimi nilikuwa Mwatate kuchukua sukari, kwa hiyo sikumwona akiuliza mtu. Shemeji yangu ni mtu wa watu, na mbele ya sahani ya chakula hana mpinzani, sina neno naye. Lakini karatasi hiyo naishuku, nami nataka kuiona. Mtu akikaa peke yake na wino, vidole anavyo kumi.

Obadiah Nyambu


Voi, 23 Aprili 1957

Bwana Obadiah,

Wiki tisa zimepita, majiko mawili yameuzwa. Moja kwa mwalimu, la pili kwa dresa wa zahanati.

Tajiri ameuliza swali jepesi tu. Wanawake arobaini na wawili wametaka, wawili wamenunua, na hao wawili ni wanaume. Kosa liko wapi? Akajijibu mwenyewe: liko kwa muuzaji.

Na maneno yanafika huku, Bwana. Kwamba unawaambia wateja majiko hayo hupasuka. Kwamba una majembe yako mwenyewe chini ya meza, uliyoyatoa Mwatate, na ndiyo unayouza. Sisemi ni kweli. Wala sisemi si kweli. Mimi humshuku kila mtu, ndiyo kazi niliyoajiriwa, usinikasirikie. Josephat naye aliitwa mbele ya Tajiri. Hakusema mengi, alisema tu kwamba tangu mwanzo hukuifurahia kazi yake.

Umepewa mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Majiko yasipotoka, Zephaniah wa Mwatate atakuja kuchukua funguo. Nyumba iliyo nyuma ya duka ni ya duka, hilo sina haja ya kukukumbusha.

Unadai kuiona karatasi ya Josephat. Nitamwomba Tajiri. Usitarajie sana.

Danson Kiilu


Ronge, 26 Aprili 1957

Elsie mdogo wangu,

Sisi hatujambo, mama hajambo, goti lake limepoa kidogo. Salamu zimeishia hapo kwa sababu nina hasira na sitaki kukuficha.

Mumeo amenitia kwenye shimo. Ameipelekea kampuni karatasi inayosema kwamba wanawake wote wa Ronge wanataka majiko ya mafuta. Majiko yamekaa dukani yanapata vumbi. Sasa naambiwa nawatisha wateja, naambiwa nauza majembe ya magendo, na mwezi wa tano ukiisha Loise na watoto wetu wanne nitawatoa katika nyumba hii niwapeleke nisikokujua. Na mumeo badala ya kunitetea anasimama mbele ya Tajiri anasema sikuifurahia kazi yake! Ala! Nifurahie nini?

Wewe ndiye unayelala naye nyumba moja. Muulize taratibu: vidole hivyo alivitoa wapi? Kama alikaa chini ya mti akavipiga mwenyewe, aseme sasa, tutafute njia pamoja. Mimi sitamkaba koo. Lakini nikigundua mwenyewe, basi.

Kaka yako,
Obadiah


Voi, 2 Mei 1957

Kaka Obadiah,

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaisoma tena, nikatafuta mahali uliponiuliza habari za afya yangu. Hapakuwepo. Mimi mja mzito wa miezi saba, kama umesahau.

Ukimwita mume wangu mwongo, mimi umeniita nini? Josephat alikwenda Ronge kwa miguu kutoka Mwatate, amebeba jiko begani, akarudi nyayo zimevimba nikazikanda kwa maji ya chumvi. Hakuna mti aliokaa chini yake. Aliwauliza watu mchana kweupe, mmoja mmoja, na kila mmoja akapiga kidole chake. Nenda ukawaulize!

Tajiri amemwahidi kuwa mkaguzi wa maduka yote sita. Tumeshapewa nyumba ya mabati yenye vyumba viwili karibu na stesheni. Kabla ya hapo alikuwa akibeba magunia, wewe unajua, na kifua chake unakijua. Usituharibie, Kaka. Wewe ni mjanja, majiko utayauza tu. Punguza ukali kwa wateja.

Msalimie mama. Usimwambie habari hizi.

Elsie


Voi, 6 Mei 1957

Bwana Obadiah,

Karatasi ndiyo hii, ndani ya barua. Nimeitoa kwenye faili bila kumwambia Tajiri, kwa hiyo irudi Ijumaa ijayo kwa mkono wa dereva, isiwe na doa wala mkunjo mpya.

Nakupa kwa sababu moja. Nilikaa na kioo cha kukuzia nikavitazama vidole vyote, kimoja kimoja, mpaka macho yakatoka machozi. Nilitaka kumnasa Josephat. Vidole ni vya watu arobaini na wawili tofauti. Kimoja kina kovu la kisu, kimoja kimekatwa ncha. Hakuna mtu anayeweza kubuni hivyo.

Sasa ama wanawake wa Ronge wamemdanganya Josephat, ama wewe unanidanganya mimi. Sioni njia ya tatu.

D. Kiilu


Ronge, 13 Mei 1957

Elsie,

Ulisema niende nikawaulize. Nimekwenda.

Nilipoifungua karatasi, jina la kwanza nililoliona ni Wakesho Nyambu. Mama yetu! Hapo nikasema, huyu mwizi amefika mbali, amemwandika mpaka mama. Nikafunga duka, nikapanda kwa mama na karatasi mkononi, najiandaa kwenda Voi kumtoa meno.

Nikamwuliza, mama, hiki ni kidole chako? Akakitazama, akasema ndicho. Nikamwuliza, ulimwambia Josephat utanunua jiko? Akasema, nilimwambia nitanunua. Nikamwuliza, unalitaka jiko? Akaniangalia kana kwamba nimepungukiwa. "Jiko la mafuta nilipeleke wapi mimi?"

Ndipo akanieleza. Kumbe Josephat hakuulizia dukani wala sokoni. Alifikia nyumbani kwetu, akachinjiwa kuku, na wanawake wa ukoo mzima wakaja kumsalimu mkwe wao kama inavyopasa. Mama hakutoka hata nje, alikaa ndani nyuma ya mlango, maana hakai uso kwa uso na mkwewe. Dinah jirani yetu ndiye aliyekuwa akipeleka maneno. "Mkwe anasema ameleta jiko, mama utalinunua?" Naye, akiwa gizani huko ndani, hajaliona jiko lenyewe, akasema nitanunua. Dinah akamletea wino, akapiga kidole. Wengine wote wakafuata, kwa zamu, kwa heshima, wanalisifia jiko.

Nikasema, mama, kwa nini hamkumwambia ukweli? Akasema: "Mkwe amekuja kwetu na kitu mkononi, nimkatalie mbele za watu? Si nitakuwa nimemwambia kwamba binti yetu tumejuta kumpa?" Ndiyo waliyoisema haikuwa ya jiko, Elsie. Ilikuwa yako wewe.

Nimezunguka nyumba zote arobaini na mbili. Jibu ni hilohilo. Mwenye kovu la kisu alicheka mpaka akakaa chini. Hakuna aliyebuni, hakuna aliyeiba. Nami mtoto wa hapa, niliyezaliwa nyuma ya mlango huohuo, niliwaza wizi kabla sijawaza adabu za kwetu. Naona aibu. Mwombe mumeo radhi kwa niaba yangu.

Lakini sasa nifanyeje? Nikimweleza Danson, Tajiri atamcheka Josephat, na ukaguzi atausikia kwenye redio. Nisipomweleza, wiki mbili zijazo mimi niko nje. Niambie kabla sijaandika Voi. Sitaki kukuumiza katika hali uliyo nayo.

Kaka yako,
Obadiah


Voi, 18 Mei 1957

Kaka,

Usimwombe Josephat radhi. Ulipoandika neno hilo nililia, na sasa sina budi kusema.

Baada ya Bura, Tajiri alimwambia Josephat kwamba majiko yameshanunuliwa, yamejaa ghala, na kama hawezi kupata hata duka moja linaloyataka basi arudi kwenye magunia. Alikuja nyumbani hakula. Mimi ndiye niliyemwambia: nenda kwetu Ronge. Usiende dukani, fikia kwa mama. Kwetu hawatakukatalia.

Yeye amekulia Mombasa, mambo hayo hakuyajua mpaka nilipomweleza. Akasema hiyo si haki. Nikamwambia, haki tutaila? Akaenda. Nilijua kwamba wewe, Kaka, huwa Mwatate kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ndiyo maana nikamchagulia siku hiyo. Sikufikiria watakuondolea majembe. Haki ya Mungu sikufikiria. Nilidhani watakuletea majiko matano, sita, ukae nayo tu.

Mweleze Danson habari za mkwe. Ni kweli, na ni haki yako. Lakini hili la kwamba tulijua, nakuomba liishie kwako. Daktari amenikataza kutembea. Wakitutoa sasa hivi, nitajifungulia wapi?

Elsie


Voi, 29 Mei 1957

Bwana Obadiah,

Maelezo yako ya ukwe nimeyapata, na karatasi imerudi salama. Sikuhitaji kuyasoma mara mbili. Kwetu Ukambani mtu akimwona mama mkwe njiani huingia kichakani mpaka apite. Nilipaswa kukumbuka hilo tarehe 11 Februari, lakini nilikuwa nikihesabu vidole.

Tajiri hakutosheka na barua yako, akasema mtu anayetaka kuokoa kazi yake ataandika lolote. Hapo alisema kweli. Kwa hiyo nilimtuma mke wangu Ndunge, akapanda Ronge na mzigo wa pojo za kuuza, akaingia nyumba kwa nyumba akiulizia majiko kwa ujanja. Akauliza wanawake thelathini. Wote thelathini wakasema hawayataki, wengine kwa matusi.

Nikafurahi, kisha nikajiuliza. Thelathini kwa thelathini tena? Nikambana Ndunge mpaka akakumbuka kwamba kila nyumba aliyoingia walikuwa wakizungumza habari za mtoto wa Wakesho atakayefukuzwa kwa ajili ya majiko. Basi hapana hiyo siiamini, kama nisivyoiamini ile ndiyo. Ya kwanza walimpa mkwe, ya pili wamempa mtoto wao. Watu wa Ronge wana adabu nyingi mno kwa mtu wa kazi yangu.

Lakini Ndunge ana macho. Katika nyumba ishirini na mbili alizoingia mpaka jikoni, aliinua kichwa akaona dari juu ya mafiga imejaa mahindi, meusi kwa moshi. Hakuna aliyemwonyesha, na hakuna aliyeyapandisha kwa ajili yake. Nikamwambia Tajiri: Bwana, mahindi hayana mkwe. Hapo akaelewa. Majiko yatashuka Voi, tutayauza kwa watu wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ambao hawana kuni wala dari. Majembe yanarudi kwako, ingawa msimu umekwisha.

Sasa limebaki moja, nalo ni zito. Msimu mzima wa majembe umepotea, na Tajiri anataka mtu wa kuubeba. Anauliza: Josephat alijua? Kama alijua hawawezi kumkataa, akaenda makusudi, basi ametudanganya, na anaondoka leo pamoja na nyumba. Yeye anasema amekulia Mombasa na mambo ya milimani hayajui. Kama ni hivyo, basi wa kulaumiwa ni yule aliyeijua mila, aliyeambiwa tangu barua ya kwanza kwamba muulizaji ni shemeji yake, na akaandika habari za wino badala ya habari za ukwe. Yaani wewe.

Nakuuliza wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwuliza. Ukisema alijua nitaamini, maana mtu hamsingizii mume wa dada yake bure. Ukisema hakujua nitaandika hivyohivyo. Jibu lifike kwa lori la Ijumaa.

Danson Kiilu


Ronge, 31 Mei 1957

Bwana Danson,

Hakujua.

Mimi ndiye niliyejua mila, na ilikuwa juu yangu kukwambia mwezi wa pili. Zephaniah aje Jumatatu, funguo atazikuta mezani na bidhaa zote zimepangwa. Rafu ya majembe nimeirudisha mahali pake, asiiguse, watu wameizoea hapo.

Obadiah Nyambu


Voi, 1 Juni 1957

Bwana Obadiah,

Nimeandika ulivyosema. Siamini, lakini nimeandika.

D. Kiilu


Ronge, 8 Juni 1957

Elsie,

Mumeo kazi yake ni yake, na nyumba ya stesheni ni yenu. Niliulizwa kama alijua, nikasema hakujua. Barua yako hakuna aliyeiona, hata Loise.

Sisi tumehamia kwa mama, watu saba chumba kimoja. Shamba nitalima, mikono ninayo. Zephaniah ni mtu mpole kuliko nilivyomdhania, ameniachia kiti changu. Nilidhani nitalia nikitoa funguo, lakini sikulia. Nilikuwa na hasira tu, na bado ninayo.

Nilitaka nisikuandikie kabisa. Nakuandikia kwa sababu ya mama. Amesikia kwamba nimeondolewa kwa sababu ya vidole vile, na chake ndicho kilichokuwa cha kwanza. Tangu Jumatatu hali chakula vizuri. Nikimletea maji ananishika mkono, anasema, mwanangu nisamehe, nilikuwa nafanya heshima tu, sikujua nakufukuzisha kazi. Jana ameniomba msamaha mbele ya watoto wangu. Mama yetu, Elsie, ananiomba msamaha mimi! Na mimi nakaa kimya namtazama, maana nimeshasema hakuna aliyejua, na siwezi kumwambia mama hili na Voi lile.

Nimekubebea duka. Nimekubebea nyumba. Hili la mama siwezi, wala sitalibeba. Jifungue salama, upate nguvu, kisha panda lori uje umwambie mwenyewe ni nani aliyemtuma mkwe wake.

Obadiah